Kifungo cha Tatu Kutoka Juu

Barua zenu za wiki hii zimenifikia. Mama mmoja ameniandikia karatasi mbili, akisema mimi ni bibi shujaa niliyefichua uovu wa mwanamume. Tena ameandika kwa herufi kubwa kwa ajili ya macho yangu. Wema huo nimeuona, mama. Lakini soma haya ya leo kwanza, ndipo useme kama bado unanitaka kwenye ushujaa.

Kwa aliyeliokota gazeti hili leo kwa mara ya kwanza, labda limefungiwa sabuni dukani, nitaeleza kwa kifupi.

Mimi ni fundi cherehani. Nimeshona nguo za wanaume miaka arobaini na mitatu. Nilijigamba humu humu gazetini kwamba mwanamume simsomi usoni, namsoma kwenye shati. Basi nikalisoma shati la kijivu la mume wa mjukuu wangu, Fundi Umeme. Nikakuta kifungo cha tatu kutoka juu kimeshonwa upya.

Mjukuu wangu hakukishona. Alikuwa kwenye mgomo wa vifungo. Alikuwa amehudhuria semina ya "Mjue Mwanamume kwa Siku Tatu", na mwenye semina, ambaye mji mzima unamwita Mama Siku Tatu, aliwafundisha hivi: usimshonee mumeo kifungo. Ukimshonea atakuona mama yake, na mwanamume hamtongozi mama yake.

Sasa kile kifungo kilikuwa na shingo.

Mafundi wengi hushona kifungo kikalala juu ya nguo kama kunguni. Mimi huuacha uzi ulegee kidogo, nikauzungushia uzi mwingine mara tatu chini ya kifungo, ukasimama kama shingo. Kisha fundo nalificha ndani ya kitambaa, lisionekane mbele wala nyuma. Katika mji huu tunaoshona hivyo ni wawili tu: mimi, na binti niliyemfundisha kazi tangu ana miaka kumi na sita, Fundi Mdogo, mwenye kibanda ng'ambo ya barabara.

Mimi sikukishona. Basi ni yeye. Nikamwambia mjukuu wangu.

Mjukuu wangu akafungasha nguo, akahamia kwangu. Kikao cha familia mbili kikapangwa Jumamosi saa nne asubuhi, sebuleni kwangu, kuamua kama ndoa ya mwaka mmoja na nusu iendelee au ife. Shahidi mkuu ni mimi. Kielelezo ni shati.

Hapo ndipo tulipoachana wiki iliyopita. Sasa sikilizeni Alhamisi ilivyonipiga.

Asubuhi nilikuwa kwenye cherehani, Fundi Mdogo akaingia.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba."

Siku zote huniita "mama yangu". Leo lile "yangu" aliliacha nje.

Nilisogeza mguu kwa wasiwasi, pini tatu zikadondoka. Hata kwa hasira aliyokuwa nayo, aliinama akaziokota, akazichomeka kwenye kimto changu cha pini. Kisha akasimama wima.

"Mjukuu wako alikuja kibandani kwangu jana. Mbele ya wateja wanne. Ameniita mwizi wa waume."

"Nimesikia."

"Wewe ndiye uliyemwambia."

"Nilisema nilichokiona kwenye shati."

"Basi nionyeshe ulichokiona."

Nikafungua droo, nikamtolea lile shati. Nilikuwa nimelifunga kwenye karatasi ya kaki kama ushahidi wa mahakamani. Akalipeleka dirishani penye mwanga. Akakiinua kifungo kwa kucha, akatazama chini yake. Akatazama tena.

"Mama, mimi nashonea mkono gani?"

"Wa kulia."

"Na wewe?"

"Wa kulia."

"Ukizungusha shingo ya kifungo, uzi unakwenda upande gani?"

Nikazungusha kidole hewani. "Hivi."

"Njoo utazame huu."

Nikavaa miwani. Uzi ulikuwa umezungushwa kinyume.

Wasomaji wangu, nililikagua shati lile siku tisa. Nilihesabu mizunguko, nikapapasa fundo. Upande wa uzi sikuutazama, maana nilikuwa nimeshapata nilichokuwa nakitafuta.

"Aliyeshona hapa ni mashoto," Fundi Mdogo akasema. "Mama, wewe ulinifundisha nisikate kitambaa kabla sijapima mara mbili. Mimi umenikata bila kunipima hata mara moja."

Nilitazama mkasi.

"Jina langu utanirudishia lini?"

"Jumamosi," nikasema. "Mbele za watu wote. Njoo usikie kwa masikio yako."

"Nitakuja."

Alifika mlangoni, akageuka. "Na dawa yako ya macho imekwisha, nimeiona chupa. Nikitoka kazini nitakupitishia."

Ndivyo alivyo yule binti. Ananilaani huku ananitia dawa.

Mchana nikaenda kula. Nyumbani tulikuwa watatu mezani: mimi, mjukuu wangu, na mume wangu, ambaye wote humwita Babu. Babu alikuwa fundi saa mpaka alipostaafu. Mtu aliyekaa miaka mingi akisikiliza saa hana haja ya kusema. Kwa siku husema maneno ishirini, na Jumapili huyapunguza.

Mjukuu wangu alikuwa na kijitabu alichopewa kwenye semina, amekiegemeza kwenye jagi la maji.

"Bibi, wanaume wote wa dunia wako aina nne. Simba, Kobe, Redio na Ukuta."

"Na mumeo ni yupi?"

"Nilidhani Kobe. Kumbe Simba aliyevaa gamba la Kobe. Ukurasa wa thelathini na mbili."

"Na Babu yako?"

"Babu ni Ukuta. Hana hisia. Imeandikwa usipoteze muda kumbishia hodi."

"We mtoto! Babu yako anakusikia."

"Ukuta hausikii, Bibi. Ukurasa wa kumi na moja."

Babu akakoroga chai yake. "Chai ya leo nzuri," akasema.

Mimi macho yangu yalikuwa yameganda kwenye kijiko. Kijiko kilikuwa kinazunguka kinyume.

Kijiko kilikuwa mkono wa kushoto.

Miaka arobaini na minne nimelala na mashoto, nimekula na mashoto, nimemnyooshea mashoto mashati yake. Na Fundi Mdogo aliposema "ni mashoto", nilianza kufikiria wanawake wote wa mji huu wanaotumia mkono wa kushoto!

Babu akaweka kikombe, akachukua kofia. "Naenda kunyoa."

"Haya."

Akatoka. Nami nikaenda chumbani, nikavuta sanduku la zamani kutoka chini ya kitanda.

Naomba niwakumbushe kisa nilichowahi kukisimulia humu. Nilipokuwa na mtoto wa kwanza mchanga, nilianguka nikavunjika kiwiko. Nilikuwa na mashati thelathini na mawili ya shule, yameisha yote, yamebaki vifungo tu, na shule inafunguliwa Jumatatu. Jumapili mchana nilikunywa dawa ya maumivu nikalala. Nilipoamka, mashati yote yalikuwa na vifungo, vyenye shingo, nayo yamekunjwa vizuri juu ya meza.

Nilimshukuru jirani yangu, kwa kuwa ndiye aliyekuwa akija kunisaidia mtoto. Nilimuuliza, akainamisha macho akatabasamu. Nikasema, tazama mtu mwenye haya, hataki hata kusifiwa. Tangu mwaka ule nikamshonea gauni kila mwaka mpaka alipofariki. Magauni ishirini na sita.

Sandukuni limebaki shati moja la mfano kutoka kwenye yale mashati. Nikalipeleka dirishani. Nikainua kifungo cha kwanza, cha pili, cha tatu.

Vyote vilizungushwa kinyume.

Nikaketi sakafuni. Marehemu jirani, Mungu amrehemu, alipokea magauni ishirini na sita bila kupepesa macho. Na mimi ninayewaandikia kila wiki kwamba wema nauona hata ukijificha, wema ulikuwa unalala upande wa ukutani wa kitanda changu. Nyani haoni kundule.

Ndipo nikakumbuka neno moja. Babu alisema anakwenda kunyoa. Kila Alhamisi mchana, kwa miezi mitatu sasa, anakwenda kunyoa.

Babu ana upara.

Nikavaa viatu.

Kwenye duka la kinyozi pazia lilikuwa limeshushwa na kibao kinasema "Tunarudi saa tisa". Nikapita upande wa nyuma. Dirisha la chumba cha nyuma lilikuwa wazi kidogo. Najua si adabu, lakini nilisimama nikasikiliza.

Sauti nene, ya dereva wa lori ninayemshonea suruali, ilikuwa inasema, "Aliniambia nimweleze ninachohisi. Nikamwambia nahisi njaa. Akalia."

"Afadhali wewe," mwingine akasema. "Mimi nilimwambia nahisi vizuri. Akaniuliza, vizuri kivipi? Mpaka leo nalitafuta jibu."

"Wangu alinyamaza siku nne, kumbe ulikuwa mtihani. Mimi nikadhani tumeelewana."

Hakuna aliyecheka. Kisha nikasikia sauti ninayoijua, ya mkwe wangu Fundi Umeme.

"Jumatatu nilitaka nikamwambie nimemkumbuka. Nikafika mpaka barazani kwa Bibi, yeye yuko kazini, Bibi yuko kibandani. Nikaona taa ya nje imekufa. Nikaitengeneza. Nikarudi."

Taa ya nje! Ilikuwa imekufa tangu msimu wa mvua. Jumanne iliwaka, mjukuu wangu akaniuliza, "Bibi, nani ametengeneza taa?" Nikamjibu, "Imejitengeneza yenyewe." Nilijibu hivyo, mtu mzima na akili zangu.

Nikazunguka, nikaingia kwa mlango wa nyuma, nikavuta pazia.

Walikuwa sita. Kila mmoja ana shati magotini na sindano mkononi, wamekaa duara. Katikati, juu ya kiti cha kinyozi, amekaa Babu, sindano mkono wa kushoto. Pembeni kabisa alikuwapo bwana mmoja mwenye suti nzuri isiyo na kifungo hata kimoja, anakinyonya kidole alichojichoma. Nikamtazama vizuri. Alikuwa mume wa Mama Siku Tatu.

"Shikamoo, Bibi," wakasema wote kwa pamoja kama darasa la kwanza.

"Marahaba, wanangu. Endeleeni."

Hawakuendelea. Dereva wa lori alikuwa amelikalia shati lake.

"Bibi," akasema, "tunakuomba kwa heshima zote. Hukutuona."

"Mke wako ana habari?"

"Mke wangu anadhani niko kwa hawara."

"Na hilo ni afadhali?"

Akafikiri kweli kweli. "Mimi kazini nina watu kumi na wawili chini yangu. Wakisikia nina hawara, watanisamehe. Wakisikia nashona vifungo..." Wenzake wakatikisa vichwa kwa huruma.

"Mimi mke wangu ana semina Jumatatu," mume wa Mama Siku Tatu akasema huku kidole kikiwa bado mdomoni. "Watu mia mbili wamejiandikisha. Bibi, nihurumie."

Nikamgeukia mkwe wangu. "Na wewe? Jumamosi ndoa yako inauawa sebuleni kwangu. Neno moja tu lingeiokoa. Kwa nini hukulisema?"

Alitazama sindano yake. "Alisema mbele ya rafiki zake kwamba mimi ni mtoto, hata kifungo siwezi. Wakacheka. Nami nikacheka pia." Akauvuta uzi. "Nilitaka nijifunze kwanza. Siku moja aone nguo zangu zimekamilika, aniulize, nimwambie ni mimi. Lakini vyangu bado vinadondoka. Hicho ulichokikamata alikishona Babu akinionyesha."

"Na sasa je?"

"Nataka arudi, Bibi. Ila arudi kwa kunitaka, si kwa kunicheka."

Nikamtazama Babu. Babu akatoa pumzi.

"Mama Watoto, nimewapa neno langu. Hakuna atakayesema la mwenzake."

"Mimi sikuwapa langu," nikasema. Lakini nilisema polepole.

Tulirudi nyumbani pamoja, mimi na Babu.

"Yale mashati ya shule," nikasema. "Thelathini na mawili."

Akatembea hatua kumi hivi. "Umeyaona leo?"

"Leo. Kwa nini hukuniambia?"

"Ulikuwa unafurahi sana kumshukuru jirani. Nikaona nisikuharibie."

"Miaka arobaini, Baba Watoto?"

"Ulizidi kufurahi."

Hatua nyingine tano.

"Tena niliogopa," akasema. "Ungejua naweza, ungeniongezea mashati."

Nilicheka mpaka nikashika uzio wa watu. Kisha kicheko kikageuka, nikalia. Babu hakunipapasa bega. Alinipokea mkoba wangu, ule mwekundu wenye ua, akasimama nao barabarani watu wakipita, mpaka nilipomaliza.

Mama Siku Tatu angeandika hapo: Ukuta.

Ikaja Jumamosi.

Nilikuwa na ahadi na Fundi Mdogo kwamba nitalisafisha jina lake. Babu alikuwa na ahadi na wanaume sita kwamba siri yao haitatoka. Mkwe alitaka mke lakini hakutaka kuchekwa. Nilijipa moyo kwamba nitapata maneno ya kupita katikati. Usiku sikulala, na maneno sikuyapata.

Saa nne sebule ilijaa. Kiti cha mwenyekiti alikikalia shangazi wa mkwe, mwalimu mkuu mstaafu, ambaye akikohoa hata pazia linakaa sawa. Mjukuu wangu alikaa ndani kabisa, karibu na kabati, kijitabu mapajani. Pembeni yake Mama Siku Tatu, aliyekuja kama mshauri, na nyuma yao mume wake. Suti yake siku hiyo ilikuwa na vifungo vyote, vimeshonwa kwa uzi wa rangi tatu. Mke wake hakuwa ameviona. Fundi Mdogo alisimama dirishani, hakutaka kiti. Mkwe alikaa kwenye kigoda mlangoni kabisa, kama mtu aliyekuja kusoma mita.

Shangazi akanyanyua shati juu. "Shahidi asimame."

Nikasimama.

"Ulisema kifungo hiki kilishonwa na huyu binti. Bado unasema hivyo?"

"Hapana," nikasema. "Nilimsingizia. Nilitazama nusu nikasema yote. Fundi Mdogo, mbele za watu hawa, nakuomba radhi. Mkono wako hauna doa."

Minong'ono ikapanda. Fundi Mdogo hakutabasamu, lakini alikaa kwenye kiti.

"Basi alikishona nani?"

Mkwe alikuwa ananitazama. Mume wa Mama Siku Tatu alikuwa anajipepea kwa kofia.

"Siwezi kumtaja," nikasema. "Ninachoweza kusema ni kwamba hakuna mwanamke katika jambo hili. Na taa ya nje, mjukuu wangu, haikujitengeneza."

Mjukuu wangu akainua kichwa. "Bibi, unamlinda nani?"

"Shahidi akigeuka," Mama Siku Tatu akasema kwa utulivu, "ujue Simba ameshafika kwake na maneno matamu. Ukurasa wa arobaini. Nimewasoma wanaume miaka kumi na tano, hawana jipya."

"Umewasoma wote?" nikamuuliza.

"Wa kwangu ndiye niliyeanza naye."

Mume wake akaangusha kofia.

"Shahidi!" Shangazi akagonga meza. "Hatukuja kusikia mafumbo. Kama hakuna jibu, nitaandika kwamba mume ameshindwa kujieleza, na ndoa hii tuifunge. Nahesabu mpaka tatu. Moja."

Mkwe akainamisha kichwa.

"Mbili."

Basi Ukuta ukasimama.

Sijawahi kumwona Babu akisimama kwenye kikao. Alivua kofia, na kwenye upindo wake palikuwa na sindano, tayari ina uzi.

"Ni mimi," akasema.

Shangazi akamtazama juu ya miwani. "Wewe, mzee mzima, unamshonea mkwe wako vifungo? Kwa nini?"

"Kilikatika."

Watu wakacheka. Babu akangoja wamalize. Alilichukua shati mikononi mwa Shangazi, akakata uzi kwa meno, kile kifungo kizuri cha tatu kutoka juu kikamwangukia kiganjani. Akatembea sebule nzima, akaweka shati, kifungo na sindano magotini kwa mkwe.

"La kwangu nimelisema," akamwambia. "La kwako ni lako. Hakuna anayekulazimisha."

Akarudi akaketi. Tangu asimame, hayo yalikuwa maneno kumi na mawili, zaidi ya nusu ya siku yake.

Mkwe alitazama sindano muda mrefu. Huyu ni mtu anayepanda nguzo na kushika nyaya zenye moto bila kutetemeka. Sindano aliigusa kwa kidole kimoja, akarudisha mkono. Kisha akaiokota sindano, mbele ya shangazi yake, mbele ya watu wote, akaanza kushona.

Alijichoma mara mbili. Aliacha uzi ulegee, akazungusha mara moja, mbili, tatu, ulimi nje kama mtoto anayeandika jina lake. Mume wa Mama Siku Tatu, bila kujijua, alikuwa anamwonyesha kwa kidole: kaza hapo, kaza. Mke wake akageuka, akakiona kidole kile. Akaona vifungo vya suti. Akafunga kijitabu chake polepole.

Mkwe akamaliza. Wasomaji wangu, mimi ni fundi, siwezi kusema uongo. Shingo ilipinda. Fundo alilisahau nje, mbele kabisa, kubwa kama punje ya hindi. Sijaona kifungo kibaya kama kile tangu nianze kazi.

Akalinyoosha shati kwa mkewe. "Bado najifunza," akasema.

Mjukuu wangu akainuka. Kijitabu kikadondoka, hakukiokota. Alitembea mpaka mlangoni alipokaa mumewe, na moyo wangu ukaenda naye hatua kwa hatua, maana kwenye sebule yangu njia ya kwenda kwa mumewe na njia ya kwenda nje ni hiyo hiyo moja.

Akasimama mbele yake. Akakishika kile kifungo kwa vidole viwili. Akakivuta.

Kikatoka.

Mjukuu wangu alikitazama kile kifungo kiganjani, na uzi wake mrefu unaning'inia. Akakifumba mkononi. Akampita mumewe, akatoka nje, akavuta mlango nyuma yake.

Mkwe alibaki na shati lenye tundu. Macho yake yalijaa, akaniangalia mimi.

Ndipo dirishani, saa tano asubuhi, jua limewaka kila mahali, taa ya nje ikawaka. Ikazimika. Ikawaka tena. Swichi yake iko barazani, na barazani hakukuwa na mtu mwingine ila mjukuu wangu.

"Bibi," mkwe akanong'ona, "ananiita au ananifukuza?"

Watu wote wakanigeukia, hata Mama Siku Tatu. Mimi, niliyewasoma wanaume kwenye mashati miaka arobaini na mitatu, nilifungua mdomo nimjibu kuhusu mjukuu wangu mwenyewe, mwanamke niliyemlea kwa mikono hii, nikagundua kwamba sijui.

Taa ikazimika. Safari hii haikuwaka tena, na mkwe alikuwa bado amekaa.